Sura ya 6: Nani Ameshika Kipanya?

Swali hili huulizwa na wazazi wengi, kila mmoja kwa maneno yake. Baba husema, “Binti yangu hesabu anaziweza, lakini ukimtajia kompyuta anasema hayo ni mambo ya kaka yake.” Mama husema, “Nyumbani tuna kompyuta moja ya watoto wote. Mbona kila nikipita namkuta mvulana ndiye aliyeikalia?” Mwalimu naye hushangaa: kidato cha kwanza wasichana walikuja wengi kwenye klabu ya kompyuta, na kufika kidato cha tatu wamebaki wawili. Maneno ni mbalimbali, swali ni moja: kwa nini masomo ya kompyuta yanawavuta wavulana na kuwapoteza wasichana njiani?

Wengi wanaouliza huwa na jibu tayari mfukoni. Wanasema wasichana hawapendi mashine. Wanasema Mungu kawaumba hivyo. Sura hii inakuomba uliweke jibu hilo kando kwa muda, kisha ufanye jambo moja dogo. Ukiingia chumba chenye watoto na kompyuta, tazama mikono. Tazama ni nani ameshika kipanya, kile kidude cha kusogezea mshale kwenye kioo, na ni nani ameshika kalamu akinakili. Humo ndimo sehemu kubwa ya jibu ilimo.

## Maneno machache kabla hatujaendelea

Jinsi na jinsia. Jinsi ni maumbile: mtoto amezaliwa wa kike au wa kiume. Jinsia ni yale ambayo jamii inayatarajia kwa mtoto huyo: nani aoshe vyombo, nani apande mnazi, nani aitwe taa ikiungua. Ukivuka mpaka wa nchi maumbile hubaki yaleyale, matarajio hubadilika. Tutaliona hilo tutakapofika Malaysia.

TEHAMA. Ni kifupi cha Teknolojia ya Habari na Mawasiliano. Ndani yake mna kompyuta, simu, intaneti na kila chombo cha kupokea, kuhifadhi na kupeleka habari.

Kuandika programu. Programu ni maagizo ambayo mtu huiandikia kompyuta ili ifanye kazi fulani. Kila mzazi ameshawahi kutoa maagizo ya namna hiyo. Unamtuma mtoto dukani: “Chukua elfu kumi hii. Nunua sukari kilo moja. Kama sukari haipo, nunua mchele. Chenji irudishe.” Umempa hatua kwa mpangilio, na umemwambia la kufanya endapo hali itabadilika. Anayeandika programu hufanya kazi hiyohiyo, ila anayetumwa ni mashine isiyojua kukisia. Ukisahau kuiambia irudishe chenji, chenji hairudi.

Tofauti kati ya kutumia kompyuta na kuiandikia maagizo ni muhimu sana katika sura hii, kwa sababu wasichana na wavulana hawatengani sawasawa katika mambo hayo mawili.

## Je, wasichana hawaiwezi kompyuta?

Tuanze na hoja ya uwezo, maana ndiyo isikikayo zaidi. Upo utafiti wa kimataifa uitwao ICILS, unaowapima wanafunzi wa darasa la nane katika nchi mbalimbali. Mwanafunzi huketishwa mbele ya kompyuta na kupewa kazi: tafuta habari, pima kama ni za kuaminika, zipange, kisha ziwasilishe ili mwenzako azielewe. Utafiti huo ulifanyika mwaka 2013 na tena mwaka 2018. Mara zote mbili wasichana, kwa wastani, walipata alama nyingi kuliko wavulana.

Utafiti huohuo uliwauliza wanafunzi wanajiamini kiasi gani katika kazi nzito zaidi, kama kutengeneza programu au kuunganisha mtandao wa kompyuta. Hapo wavulana walijipa alama za juu kuliko wasichana.

Soma tena aya hizo mbili, mzazi. Msichana anafanya vizuri, na bado anaamini kuwa hawezi. Kuna mahali katikati ya uwezo wake na imani yake ambapo ujumbe fulani umemfikia. Sura hii inautafuta ujumbe huo na njia unazopitia.

Mfano mwingine unatoka England. Kwa miaka mingi shule za huko zilikuwa na somo la TEHAMA katika mtihani wa kumaliza sekondari, na wasichana walikuwa zaidi ya theluthi moja ya watahiniwa. Somo hilo liliondolewa, mtihani wake wa mwisho ukafanyika mwaka 2018, na Sayansi ya Kompyuta, yenye uandishi wa programu kwa wingi, ikawa ndiyo njia kuu. Katika somo hilo jipya, kati ya watahiniwa watano msichana ni takriban mmoja. Nchi ni ileile na wasichana ni walewale. Kilichobadilika ni somo lenyewe, namna linavyofundishwa, na fikra za watu juu ya nani anastahili kulisoma.

Huko juu vyuoni matokeo yanaonekana wazi. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2017 ilieleza kuwa kati ya wanafunzi wote wa kike walioko elimu ya juu duniani, wanaochagua masomo ya TEHAMA ni asilimia 3 tu.

## Zamani kompyuta alikuwa mtu, tena mwanamke

Anayedhani kompyuta ilizaliwa ikiwa mali ya wanaume hajaisikia historia yake. Kabla ya mashine hizi, jina hilo lilikuwa la kazi ya mtu: aliyekaa mezani akikokotoa hesabu ndefu kwa mkono. Marekani, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kazi hiyo ilifanywa na wanawake wengi, wakikokotoa njia ya risasi na makombora angani.

Jeshi la Marekani lilipogharamia mashine kubwa iitwayo ENIAC, yenye vali za umeme zinazofanana na taa karibu 18,000 na uzito wa takriban tani 30, wanawake sita walichaguliwa kuiandalia maagizo: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Fran Bilas na Ruth Lichterman. Hapakuwa na kitabu cha kuwafundisha. Walisoma michoro ya mashine, wakajifunza wenyewe namna ya kuiunganisha nyaya na swichi ili ifanye hesabu iliyotakiwa. Mwezi Februari 1946 mashine ilionyeshwa hadharani, waandishi wakaishangilia, na wanawake hao hawakutajwa. Miaka 40 hivi baadaye, mwanafunzi wa chuo Kathy Kleiman alipouliza wanawake waliosimama kwenye picha za ENIAC ni akina nani, aliambiwa ni wanamitindo waliowekwa kupamba picha. Aliwatafuta, akawakuta baadhi yao wangali hai, na ukweli ukatoka.

Hawakuwa peke yao. Mwaka 1952 Grace Hopper alitengeneza programu ya kutafsiri maagizo ya binadamu kuwa lugha ya mashine, na kazi yake iliingia katika msingi wa COBOL, lugha ya programu ambayo mabenki mengi duniani yaliitegemea kwa miongo mingi. Na hili wazazi wengi hawalijui: Logo, lugha ya programu iliyobuniwa mwaka 1967 kwa ajili ya watoto, ina wabunifu watatu wakuu, na mmoja wao ni mwanamke, Cynthia Solomon. Mwanamke alikuwapo siku kompyuta ilipofunguliwa mlango wa kuingia darasani kwa mtoto.

## Kompyuta ilivyohamia chumbani kwa kaka

Basi nini kilitokea? Takwimu za vyuo vya Marekani zinatuonyesha wakati wenyewe. Wanawake waliohitimu shahada ya sayansi ya kompyuta waliongezeka mwaka hadi mwaka hadi wakafika karibu asilimia 37 mwaka 1984. Kisha idadi ikageuka na kuanza kushuka. Miaka 25 baadaye walikuwa chini ya asilimia 20. Katika miaka hiyohiyo wanawake walizidi kuongezeka katika udaktari na sheria, masomo yasiyo mepesi hata kidogo. Kwa hiyo haiwezekani kusema akili za wanawake zilipungua mwaka 1984.

Kilichotokea miaka hiyo ni kwamba kompyuta ndogo za nyumbani ziliingia madukani, na wauzaji walizitangaza kama kichezeo cha mvulana. Matangazo yalionyesha baba na mwana, michezo ya kupigana na mbio za magari. Kompyuta ikanunuliwa, ikawekwa chumbani kwa kijana wa kiume. Alipofika chuo alikuwa tayari ameizoea kwa miaka mingi. Msichana aliyeketi jirani yake ndiyo kwanza anaigusa, na mhadhiri akaanza kufundisha kana kwamba kila mtu ameshaijua. Msichana akaangalia kushoto na kulia, akajiona mjinga, akaondoka.

Watafiti Jane Margolis na Allan Fisher waliyasikia maelezo kama hayo kutoka kwa wanafunzi wenyewe katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon, kuanzia mwaka 1995. Walichokikuta ni tofauti ya mazoea iliyovaa joho la kipaji. Aliyeanza mapema alionekana kazaliwa nacho, na aliyechelewa kuanza alionekana hana.

Kwa ufupi hadi hapa: wasichana wana uwezo, wanawake walikuwapo tangu mwanzo wa kazi ya programu, tofauti ilikua pale kompyuta ilipogeuzwa kichezeo cha mvulana na mvulana akapewa miaka kadhaa ya kutangulia.

## Kompyuta moja, wanafunzi watano

Sasa turudi kwetu. Tuingie maabara ya kompyuta ya shule ya sekondari ya kawaida, iwe Morogoro, Kisumu au Tanga. Kompyuta ni chache na zinazofanya kazi ni chache zaidi. Mwalimu anawagawa wanafunzi watano kwa kila moja, anatoa zoezi, kipindi ni dakika 40, na umeme unaweza kukatika wakati wowote.

Tuseme kundi moja lina wavulana watatu, na wasichana wawili tutakaowaita Neema na Zuhura. Mlango ukifunguliwa, wavulana wanakimbilia kiti cha mbele ya kioo. Wasichana wamefundishwa tangu utoto kuwa kugombania si adabu, basi wanasimama nyuma. Mvulana wa kwanza anashika kipanya, wa pili kibodi, wa tatu anaelekeza kwa kidole. Mwalimu akiuliza nani ataandika ripoti ya kundi, macho yote yanamgeukia Neema kwa sababu ana mwandiko mzuri. Neema anaandika. Zuhura anachungulia juu ya mabega ya wenzake.

Kipindi kikiisha, daftari la mahudhurio litasema wanafunzi watano wamesoma kompyuta. Kwa kweli wawili wameisoma, mmoja ameielekezea kidole, mmoja ameiandika habari zake, na mmoja ameiona kwa mbali. Rudia hivyo mara moja kwa wiki kwa miaka minne, kisha ushangae kwa nini Zuhura anasema kompyuta si fani yake.

Hakuna aliyekusudia ubaya. Mwalimu hakumfukuza msichana, na wavulana hawakumtusi. Jambo limefanyika kwa mazoea tu, na kwa kuwa halina kelele hakuna anayelipinga. Na mwisho wa yote ni kwamba kompyuta, kama kuendesha baiskeli au kusuka ukili, hujifunzwa kwa mikono. Hakuna aliyejua baiskeli kwa kumtazama kaka yake akiiendesha.

## Nyumbani: nani ana saa ya kucheza?

Ujuzi mwingi wa kompyuta mtoto huupata akicheza. Anabonyeza hiki, anaharibu kile, anarekebisha, na bila kujua anajifunza. Kuchezea kunahitaji muda, na muda haugawanywi sawa nyumbani.

Mwaka 2016 UNICEF ilitoa hesabu yake: duniani kote, wasichana wa miaka 5 hadi 14 hutumia muda unaozidi kwa asilimia 40 ule wa wavulana wa umri huo katika kazi za nyumbani, kama kupika, kuchota maji, kusafisha na kulea wadogo zao. Fikiria jioni ya nyumba ya kawaida. Watoto wametoka shule saa kumi. Kijana anabadili nguo na kwenda kwenye kibanda cha gemu mtaani, au anaichukua simu janja ya baba aliyelala. Dada yake anaosha sare, anachambua mboga, anamwogesha mdogo wao. Akimaliza ni saa mbili usiku na simu imeisha chaji.

Hata akimaliza mapema, kibandani hatakwenda. Watu watasema. Mzazi naye ana hofu ya haki juu ya usalama wa binti yake, kwenye vibanda vya mtaani na kwenye intaneti pia. Hofu hiyo tusiibeze. Ila tukiishia kumfungia msichana nje ya kompyuta bila kumtafutia mahali salama pa kujifunzia, tumemlinda leo na kumwacha mikono mitupu kesho.

Mtindo huu haukomi utotoni. Kwa hesabu za Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, za mwaka 2023, wanaume waliokuwa wakitumia intaneti duniani walikuwa asilimia 70 na wanawake asilimia 65. Katika nchi maskini pengo ni kubwa zaidi. Mama asiyeigusa kompyuta hawezi kumwonyesha binti yake kuwa inagusika.

## Je, hali inaweza kubadilika?

Inaweza, na imeshabadilika kwa kasi pale watu walipoamua. Chukua mifano minne.

Roboti na watoto wa miaka sita. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lenye watoto 96 wa miaka sita. Baadhi walipewa roboti ndogo wakaiandikia maagizo kwa kutumia simu, kwa dakika chache tu. Wengine walipewa mchezo wa aina nyingine au hawakupewa chochote. Wasichana ambao hawakuigusa roboti walionyesha hamu ndogo kuliko wavulana. Wasichana walioigusa walikuwa na hamu sawa na wavulana. Dakika chache za kushika kwa mikono zilitosha kuziba pengo ambalo watu wazima huliita maumbile.

Picha za ukutani. Katika utafiti mwingine wa watafiti hao, uliotoka mwaka 2016, wanafunzi wa sekondari walionyeshwa madarasa mawili ya kompyuta. Moja lilipambwa kwa mabango ya filamu za anga za juu, vifaa vya kompyuta na vikasha vya gemu. La pili lilikuwa na picha za mandhari, sanaa na mimea. Wasichana walioonyeshwa darasa la pili walikuwa karibu mara tatu zaidi kusema wangependa kulisoma somo hilo. Kwa wavulana haikuleta tofauti. Yaani ukuta tu unaweza kumwambia mtoto karibu au toka, na kumkaribisha mmoja hakukumfukuza mwingine.

Vyuo viwili vya Marekani. Carnegie Mellon waliacha kumpa kipaumbele mwombaji kwa sababu tu aliwahi kuandika programu kabla ya chuo, wakatenga madarasa ya wanaoanza na ya wazoefu. Wasichana walioingia sayansi ya kompyuta walipanda kutoka asilimia 7 mwaka 1995 hadi asilimia 42 mwaka 2000. Chuo cha Harvey Mudd, chini ya mkuu wake wa wakati huo, Maria Klawe, aliyeanza mwaka 2006, nacho kilitenganisha wanaoanza na wazoefu na kulifanya somo la kwanza lihusu kutatua matatizo ya maisha. Katika miaka michache wanawake walipanda kutoka takriban mmoja kati ya kumi hadi wanne kati ya kumi. Mitihani haikulegezwa. Kilichoondolewa ni hofu ya siku ya kwanza.

Malaysia. Huko wanawake wamekuwa karibu nusu ya wanafunzi wa kompyuta vyuoni, na katika baadhi ya vyuo wamewazidi wanaume. Jamii inaitazama kazi hii kama kazi ya ofisini: unakaa ndani, hupigwi jua, hubebi mizigo, ni salama na ina heshima. Kwa macho hayo, inamfaa mwanamke kabisa. Mashine ni ileile inayosemekana kwingine kuwa ya wanaume. Kama kweli mambo haya yangekuwa ya damu, damu ya Kuala Lumpur isingetofautiana na ya Chicago.

Hapa kwetu pia kazi imeanza. Nairobi, wanawake walianzisha AkiraChix mwaka 2010 kuwafundisha wasichana programu. Dar es Salaam, Carolyne Ekyarisiima alianzisha Apps and Girls mwaka 2013, na kupitia klabu za shuleni wasichana hujifunza kutengeneza programu wakianzia na matatizo ya jamii zao. Kenya iliidhinisha mtaala wa uandishi wa programu kwa shule za msingi na sekondari mwaka 2022. Na kila Alhamisi ya nne ya mwezi Aprili dunia huadhimisha Siku ya Wasichana katika TEHAMA, siku ambayo shule yoyote inaweza kuitumia kuwaweka wasichana wake mbele ya kompyuta.

Klabu za wasichana peke yao ni msaada mkubwa, kwa maana humo hakuna wa kuwasukuma pembeni. Zisiwe kisingizio cha kuiacha maabara ya kila siku kama ilivyo. Msichana hukaa klabuni saa moja kwa wiki, lakini mtihani wake na heshima yake vimo darasani.

## Na wavulana je?

Mzazi mwenye mtoto wa kiume anaweza kuuliza kama sura hii inamshtaki mwanawe. Haimshtaki. Mtoto anayekimbilia kiti anafanya kile ambacho watoto wote wangefanya kama wangeruhusiwa.

Mvulana naye ana hasara yake. Tumeona kuwa katika kutafuta, kupima na kuwasilisha habari, wavulana wamebaki nyuma ya wasichana. Aliyejizoeza gemu tu hajui kutunga barua nzuri wala kutambua habari ya uongo. Na yule mvulana mpole asiyependa kugombania kiti amesimama nyuma na Zuhura, ila yeye hatumwoni kwa sababu ni wa kiume. Utaratibu wa zamu ukimwokoa Zuhura, utamwokoa na yeye.

## Kwa nini jambo hili litusumbue?

Waswahili husema, asiyekuwepo na lake halipo. Mwaka 2014 kampuni ya Apple ilitoa programu ya afya ya kuhifadhi habari nyingi za mwili wa mtu, kuanzia hatua alizotembea hadi chakula alichokula. Haikuwa na mahali pa kuandika siku za hedhi, jambo linalohusu nusu ya binadamu. Sehemu hiyo iliongezwa mwaka uliofuata. Hata kampuni tajiri yenye mafundi hodari inaweza kusahau lililo wazi.

Sasa fikiria programu zitakazotumika zahanati, shambani, sokoni na kwenye vikoba vyetu miaka 20 ijayo. Anayejua mama mjamzito wa kijijini anakwama wapi, au mama lishe anahitaji kuandika nini kwenye daftari lake la mauzo, mara nyingi ni binti yake. Binti huyo akiwa hakuruhusiwa kushika kipanya, matatizo hayo yatasubiri mtu wa kuyaotea kwa mbali.

## La kufanya kesho asubuhi

Mzazi au mlezi:

- Weka kompyuta au kishikwambi cha nyumbani sebuleni, mahali pa wote. Kikiingia chumba cha mtoto mmoja kimekuwa chake.
- Panga zamu kwa saa, uziandike na kuzibandika ukutani. Zamu ya msichana isiliwe na vyombo. Vyombo navyo vina zamu, na mvulana ana mikono.
- Simu ikigoma, usimwite kijana tu. Mwite binti, umwambie, “Hebu itazame mwanangu, unajua.” Akishindwa mara ya kwanza, mpe ya pili.
- Chunga maneno yako. “Hayo mwachie kaka yako” ni sentensi fupi, na mtoto huikumbuka miaka mingi.

Mwalimu:

- Badilisha anayeshika kipanya kila baada ya dakika nane kwa saa ya ukutani. Katika kundi la watano, kila mmoja atakuwa ameshika katika kipindi kimoja.
- Mwandishi wa kundi asiwe yuleyule. Mwenye mwandiko mzuri naye ana haki ya kujifunza.
- Mwanafunzi akikwama, mwelekeze kwa maneno. Ukimnyang’anya kipanya ukamfanyia, umemfundisha kuwa hawezi.
- Anza na mazoezi yanayowagusa wote: ratiba ya basi, hesabu za duka, ngano fupi inayotembea kwenye kioo. Gemu la mpira liwepo, lisiwe peke yake.
- Wanaojua tayari wape kazi yao ya ziada, wasiwafunike wanaoanza.

Mkuu wa shule:

- Hesabu. Mwaka huu wasichana wangapi walianza somo la kompyuta, na wangapi wamebaki? Andika namba hizo kila muhula.
- Fungua maabara saa za mchana wakati wasichana bado wako shuleni na njia ya kurudi nyumbani ni salama.
- Mwalimu wa kike mwenye hamu ya kompyuta apelekwe mafunzo. Wasichana wakimwona akifungua mashine na kuifunga, hawahitaji hotuba.

## Muhtasari wa sura

1. Uwezo wa wasichana katika kompyuta umepimwa na umeonekana. Kinachopungua ni kujiamini kwao na nafasi yao ya kushika.
2. Waandishi wa kwanza wa programu za ENIAC walikuwa wanawake. Kompyuta iligeuzwa ya wavulana katika miaka ya 1980, sokoni na nyumbani.
3. Tofauti hukua kwa mambo madogo ya kila siku: nani anakimbilia kiti, nani anaandika ripoti, nani anaosha vyombo.
4. Mahali palipobadilishwa utaratibu, wasichana waliongezeka haraka bila kulegeza masomo.
5. Zamu ya haki inamsaidia pia mvulana asiyejua kusukumana.

Msomaji wangu, huhitaji kusubiri wizara, mfadhili wala kompyuta mpya. Leo jioni, mtoto wako wa kike akipita karibu na kompyuta au simu yako, mvutie kiti. Mwekee kipanya mkononi, kisha wewe uondoe mkono wako.